Mkazi Jirani na Machimbo

Jino la pili lilimtoka mwalimu, likaangukia sakafu ya saruji karibu na kiatu cha nyapara.

"Jina," nyapara alisema.

Mwalimu alitikisa kichwa. Walikuwa wamemfunga kwenye kiti katika stoo ya machimbo ya kokoto, kati ya magunia na visanduku vitupu vya baruti. Nje, mashine za kusaga mawe zilikuwa kimya tangu Jumatatu. Amri ya mahakama ilibandikwa getini: mkazi jirani na machimbo amewasilisha pingamizi, tathmini ya athari kwa mazingira haikufanyika, kazi isimame mpaka shauri lisikilizwe Ijumaa. Jina la mkazi halikutajwa.

Mwenye machimbo alikaa juu ya pipa, akifuta miwani kwa shati. "Bila mlalamikaji hakuna shauri," alisema. "Nitafutie jina tu. Mengine niachie mimi."

Walimshuku mwalimu kwa sababu ndiye aliyewafundisha vijana wa mwaka wa kwanza sheria ya mazingira, na mwezi uliopita aliwaleta hapa na madaftari yao, wakapima vumbi na kuuliza maswali. Binti wa nyapara alikuwa mmoja wao, wa kwanza katika ukoo mzima kufika chuo. Nyapara mwenyewe hakujua a wala be. Kila karatasi ya chuo aliyoletewa na binti aliitia dole gumba, kifua mbele, kama anatia saini mkataba wa nchi mbili.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "wewe unamfundisha mwanangu. Usinilazimishe kukuumiza zaidi."

"Mzazi, nikilitaja utajuta wewe kabla yangu."

"Unanitisha?"

Nyapara akachukua nyundo. Akaubana mkono wa kushoto wa mwalimu juu ya benchi. Alikuwa na miaka ishirini machimboni. Alijua jiwe lipigwe wapi lipasuke. Kidole kidogo kilivunjika kwa pigo moja. Ukelele wa mwalimu uliwafanya walinzi wawili mlangoni wageuze nyuso.

"Ni mwanafunzi wako?"

"Mwanafunzi huandika tu," mwalimu alihema. "Anayepinga ni mwenye kiwanja. Ndiyo sheria."

"Kiwanja kipi?"

Kidole cha pili. Cha tatu.

Jasho lilimwingia nyapara machoni. Hasira zilimpanda. Hata kwake kuta zilikuwa na nyufa za baruti, kila mwezi anaziziba. Hata kwake mke alikohoa vumbi usiku kucha. Lakini yeye aliufyata, akaenda kazini. Huyu aliyeshindwa kuvumilia ni nani hasa, mpaka awapokonye watu mia tonge mdomoni?

Alinyanyua nyundo tena. Mwalimu alimtazama kwa macho yaliyovimba, akilia bila aibu.

"Usiniulize tena, mzazi. Nakuomba. Kwa ajili ya mtoto."

"Watoto wako watampata baba yao ukisema."

Akapiga. Safari hii mwalimu hakulia. Kichwa kilimwangukia kifuani, damu ikamchirizika mpaka kwenye vifungo vya shati.

Mlango ukasukumwa. Karani wa machimbo aliingia akitweta, bahasha mkononi.

"Nimeipata, bosi. Nakala ya pingamizi. Walinizungusha mahakamani asubuhi nzima, nikaganda pale pale kama kupe."

Mwenye machimbo alivaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka chini kabisa. Akairudia sehemu ya mwisho, penye alama ya dole gumba. Kisha akanyoosha mkono, na nyapara akamkabidhi nyundo.

"Mfungueni mwalimu," aliwaambia walinzi. "Mkalisheni nyapara. Jina ni lake."