Utepe Mweusi

Makala ya mguu wa bandia ilikuwa karibu kutumwa kwenye jarida la kisayansi. Marejeo yalishapangwa, majedwali yalishakaa sawa. Ilibaki picha ya Bi Tabia, mtu wa kwanza kuuvaa mguu huo, na kwa desturi ya majarida Dokta Sikudhani alikuwa amemfunika macho kwa utepe mweusi. Bi Tabia alipofika ofisini kutia saini ya ridhaa, aliitazama kompyuta, uso ukamkunjamana.

"Mwanangu, hapa nimeiba nini?"

"Hujaiba, mama. Tunakusitiri tu, watu wasikujue."

"Tangu gari linikate mguu nimekaa ndani kama mwali. Leo natembea, halafu wewe ndiye unanificha? Toa hicho kitambaa. Na jina langu uliandike."

Dokta alicheka, akaiandika ridhaa upya, mama akatia saini na kuaga. Utepe ukafutwa. Macho yale yakamkodolea Dokta bila haya, naye akabonyeza kutuma.

Dirishani alimwona Bi Tabia akivuka barabara taratibu, katikati kabisa, mkono juu, na magari yote yamesimama.