Uso wa Mistari Tisini

Fuvu lilizunguka nusu kwenye skrini, likakwama.

"Mama Nurudin, hiyo mashine yako ina kifafa?" Afande Kivuti aliuliza, kikombe cha chai mkononi.

"Ina njaa," Jamilah akajibu bila kugeuka. "Umeiletea picha mia tatu za kitu kimoja, unataka izimeze zote kwa mkupuo?"

Wachimba mchanga karibu na Kiritiri ndio waliolifukua, ukingoni mwa mto uliokauka, likiwa limejaa udongo mgumu kama tofali. Daktari alilisafisha, likapigwa picha kila upande. Kompyuta ilizishona picha hizo mpaka fuvu likawa kitu kizima, ambacho Jamilah angeweza kukigeuza apendavyo katika chumba chake cha kazi mjini Embu. Miaka kumi na moja alikuwa amechora mizizi, maini na panzi waliopasuliwa, vyote vya vitabu vya shule. Sasa alitakiwa kumrudishia maiti uso.

Akabonyeza vitufe viwili. Sehemu yote ya nyuma, kuanzia masikioni, ikatoweka. Mashine ikaacha kuvuma.

"Ee! Umeipeleka wapi?"

"Tunamtazama kwa mbele. Kwa nini kompyuta ijichoshe na nyuma? Kisichoonekana hakichorwi."

Kivuti akashusha sauti. "Basi kibaki hivyo hivyo. Ya huko nyuma tunayajua watu watatu: daktari, mimi na wewe. Yakifika sokoni, aliyefanya kitendo hiki sitampata kamwe."

"Nina watoto wanne, afande. Siri zao zimenitosha."

Siku hiyo hiyo, Jumatatu, akaja Jedidah, mama wa miaka arobaini hivi, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa amesikia habari za fuvu; mumewe, Mbae, alikuwa ametoweka miaka mitatu. Alianza kutoa picha yake mkobani.

"Irudishe," Jamilah akamkatiza. "Nikimwona nitamchora yeye, hata kama siye. Utaniletea nikimaliza."

Jedidah akairudisha, akaketi kwenye benchi. Kisha akasema kilichomleta. Mashemeji zake walidai kwamba Mbae yu hai, kwamba alimtoroka. Walikuwa wamekwisha kung'oa mipaka ya shamba. Ijumaa ukoo ungekaa, na kama hakuna ushahidi kwamba mtu wao amekufa, yeye na wanawe watatu wangefungasha.

"Wanasema nilimfukuza kwa mdomo."

"Na mdomo unao?"

"Kidogo."

Wote wawili wakacheka, na Jamilah akajikuta ameshampenda.

Alikuja siku tatu mfululizo. Jamilah alipanda vigingi vidogo kwenye paji, mashavuni na kidevuni, kila kimoja kwa unene wa nyama alioandikiwa na daktari, kisha akatandaza ngozi juu yake. Jedidah aliuliza juu ya pua. Aliuliza juu ya midomo, na kama mfupa unaweza kukumbuka masikio. Hakuuliza hata mara moja mtu yule alikufaje. Watu wengi huanza na damu, Jamilah aliwaza. Huyu alitaka mtu wake tu.

Jumatano Kivuti alipita, akaona mistari myeusi kwenye ukurasa mweupe, akakunja uso.

"Mimi nilitaka picha kamili. Rangi, ngozi, jasho. Kama ya simu."

"Ukiwapa picha kamili watabishana nayo. Hakuwa mweusi hivi, hakuwa na nywele hizi. Nikikupa mistari michache, utamalizia mwenyewe yule unayemkumbuka. Na mashine hii haiwezi kupika hilo jasho lako hata kwa wiki."

"Umeanza kunifundisha kazi?"

"Nakufundisha yangu. Yako huniulizi."

Akaendelea kufuta. Kutoka mistari mia nne akabaki na tisini: pale shavu linapokimbia mwanga, pale nyusi zinapokaribia kugusana, na taya, ambalo upande wa kushoto lilikuwa zito kuliko wa kulia. Hilo la taya hakulibuni. Mfupa wenyewe ulisema.

Alhamisi akawaita Kivuti na Jedidah, akaigeuza skrini.

Jedidah alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Hakulia. Alitoa picha mkobani, akaiweka kando ya mchoro. Nyusi zilikuwa zile zile. Taya zito lilikuwa lile lile, upande ule ule. Jamilah, ambaye hakumwaga chozi mbele za watu hata alipomzika mamake, alivuta ncha ya buibui akajifuta macho.

"Ni yeye?" Kivuti aliuliza, kalamu juu ya fomu.

"Ni Mbae."

"Pole sana, mama."

Akatia sahihi. Jamilah akamchapia Jedidah nakala mbili, moja ya ukoo na moja ya nyumbani.

"Kesho waonyeshe hiyo," akamwambia. "Waambie wanyamaze, kisha umzike mtu wako. Shamba lako hakuna wa kukutoa."

"Watanyamaza."

Jedidah alizikunja karatasi taratibu, akazitia kifuani. Mlangoni akageuka. Akarudi, akaushika mkono wa Jamilah kwa mikono yake yote miwili, kama watu wanavyomshika aliyewasitiri kwenye msiba.

"Mungu akubariki, Mama Nurudin, kwa kutokichora kisogo. Watoto wasingepata usingizi wakiona palivyobonyea."