Kamba ya Jirani

Redio ilikuwa imetangaza kimbunga tangu asubuhi, na mtaa mzima watu walikuwa wakipandisha mifuko ya mchanga juu ya mabati. Bi Raya alikuwa uani akijaza yake peke yake aliposikia ngazi ikiegemezwa ukutani. Alikuwa Makame, jirani aliyeacha kusalimiana naye tangu ule ugomvi wao wa mpaka.

"Shikamoo, Bi Raya. Nimekuja kukufungia paa."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Upepo," akajibu Makame, akapanda na kamba yake begani.

Bi Raya alimtazama kwa jicho la pembeni mpaka aliposhuka na kwenda zake. Wema wa ghafla una lake jambo. Akaifuata ile kamba kwa macho: ilianzia kwenye kigingi uani kwake, ikapita juu ya paa lake, ikavuka ua, ikaishia kwenye nguzo ya baraza ya Makame.

Kumbe. Amelifanya paa langu nanga ya nyumba yake, aliwaza. Akaingia jikoni, akatoka na kisu.

Kisu kilikuwa kimeshaigusa kamba upepo ulipofika. Mabati yake yalinyanyuka, kamba ikakaza, yakarudi chini kwa kishindo. Ng'ambo ya ua nguzo ya Makame ililia, chokaa ikamwagika barazani.

Upepo ukatulia kidogo, kisha ukaanza kuvuma upya. Bi Raya akakibana kisu kwa meno, akaishika kamba kwa mikono miwili.