Juu ya Meko

"Kukhu, hii ulikuwa unaiweka wapi?" fundi wa Kitale alimuuliza yule bibi mzee, bisibisi mkononi, kompyuta imeshafunguliwa mezani.

Nakhumicha alijibu kwa fahari kidogo. "Juu ya meko, pamoja na mbegu ya mahindi. Si unajua moshi haumwachi mdudu akae? Miaka sita, hakuna kilichoitafuna."

Fundi alipitisha kidole ndani ya mashine, kikatoka cheusi kwa masizi.

Kompyuta ilikuwa ya marehemu binti wa Nakhumicha. Humo alikuwa amerekodi sauti yake akimbembeleza mtoto wake mchanga, na hapakuwa na nakala nyingine popote. Mtoto huyo sasa yuko darasa la kwanza kule Kabuchai. Asubuhi alimsindikiza bibi yake hadi barabarani, akiuliza kama leo mama ataongea.

Fundi alipangusa kwa brashi, akapuliza, akabadilisha waya, akawasha. Diski ilikwaruza, ikagonga mara tatu kama kuku anayedonoa bati, kisha ikanyamaza.

"Ni moshi?" Nakhumicha aliuliza.

Fundi alikunja kile kidole ndani ya kiganja. "Aa, ni uzee tu, kukhu. Hizi hata ukiweka kwa kabati huwa zinakufa."

Nakhumicha aliona kidole kikifichwa, akamshukuru moyoni. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa na kulaza sikio lake juu ya lile sanduku la chuma la kompyuta.

"Washa tena, mwanangu," alisema. "Lakini polepole."