Kopo la Hidaya

Mke wangu Hidaya anakusanya noti na sarafu za zamani, za enzi ambazo pesa zilikuwa hazijahamia zote kwenye simu. Upuuzi mtupu! Siku hizi mke akinunua hata kitunguu, simu ya mume inalia na kutaja duka na bei. Ndiyo sheria. Yale makaratasi machafu hakuna simu inayoyatambua.

"Utayafanyia nini?" nilimfokea.

"Nayatazama tu, Baba Nasra."

Leo amevaa viatu vipya. Simu yangu inasema mwezi huu hajanunua kitu. Nikafungua kopo lake kabatini, noti zimepungua. Nimetoka mbio kwenda kumshtakia jirani yangu Mbwana. Mkewe amenifungulia mlango, akatabasamu.

Naye ana viatu vipya.