Shaba Chini ya Kutu

"Unasugua chuma au unakibembeleza?" shemeji aliuliza, akiwa amekalia pipa tupu uani kwa baba huku akichokoa meno. "Mteja wangu anasubiri."

Nilichovya brashi ya waya kwenye dizeli nikaendelea. Tangu amuoe dada yangu, mdomo wake haujawahi kupumzika. Injini aliinunua kwenye vyuma chakavu, alisema, na fundi wa bure wa ukoo ni mimi.

Kutu ilibanduka vipande vipande kama magamba ya samaki. Chini ya masizi, ubavuni mwa bloku ya injini, ukajitokeza mstari wa njano. Niliupitishia kidole. Ulikuwa wa shaba, umepinda kama mundu, na mwishoni una donge dogo.

Donge lile nililiacha mimi, siku baba aliponifundisha kuchomelea ufa kwa shaba. Hii ilikuwa injini ya mashine yake ya kusaga. Ilipoibwa alimfukuza mdogo wake, aliyekuwa mlinzi, na baba mdogo akafia ugenini akiitwa mwizi.

"Hapo usihangaike napo," shemeji alisema. Alikuwa ameacha kuchokoa meno. "Paka rangi tu."

Nilimtazama. Kisha nikachukua kitambaa kikavu, nikaisugua ile shaba taratibu, mpaka ikang'aa kama pete ya ndoa.

"Dada," niliita kuelekea jikoni, "mwamshe baba. Mwambie aje na miwani yake."