Spika za Ukumbi wa Jirani

Mbaruku alipeleka malalamiko kwenye baraza la mji mara tatu, akidai spika za ukumbi wa jirani zinamtoboa masikio. Kilichomchoma hasa ni Kiringo, mwimbaji aliyefanya mazoezi pale kila alasiri. Sauti yake ilipopanda, Mwanahawa, mkewe Mbaruku, aliupokea wimbo huku akipepeta mchele, uso umemkunjuka kwa namna ambayo mumewe hakuwa ameiona siku nyingi.

Hatimaye akaja afisa wa mazingira na kipima kelele. Alikiinua juu ya ua, akakisoma, akatikisa kichwa.

"Wamezidisha," alisema. "Sheria ya mji hairuhusu."

Siku hiyohiyo spika ziligeuzwa kuelekea ndani na sauti ikapunguzwa. Mtaa ukatulia. Mbaruku akaketi barazani, akanyoosha miguu, moyo umemtua.

"Sasa tutasikilizana, mke wangu."

"Kweli kabisa," Mwanahawa alijibu. "Yale makelele yalikuwa yananipotezea maneno. Nilikuwa siambulii hata nusu ya wimbo."

Akainuka na ungo wake, akatoka uani, akaenda kuegemea ukuta wa ukumbi. Ndani, Kiringo aliimba kwa sauti ya chini, kama anayemwambia mtu mmoja tu. Mbaruku alimwita mkewe mara ya kwanza, akamwita tena. Mwanahawa hakugeuka. Aliweka kidole mdomoni kumnyamazisha, sikio lake limegusa ukuta.